Usihesabu Ng'ombe wa Mama Kabula

Wajukuu zangu mnaokwenda vijijini na madodoso, nawapenda, na kazi yenu naiheshimu kwa sababu niliifanya mwenyewe kabla hamjazaliwa. Lakini mnaniudhi. Juzi alinijia kijana mmoja hapa nyumbani kwangu Nyasubi, mtoto mzuri, shati limepigwa pasi, akaniamkia vizuri kabisa. Halafu, bila hata kukaa, akaniuliza, "Bibi, kaya hii ina mifugo mingapi?" Nikamjibu kuna kuku wawili na paka. Akaandika. Kuku mmoja ni wa jirani. Paka sijui ni wa nani.

Nilitaka kumkemea, nikamwonea huruma, nikampa chai. Alipoondoka nikaona heri niandike, maana kosa hilo si lake peke yake. Tulilifanya sisi kwanza, na karibu tumnyang'anye mjane mmoja maziwa ya wajukuu wake huku tukidhani tunamsaidia.

Siku zile kazi hii haikuitwa hifadhi ya jamii. Haikuwa na jina. Ilikuwa zama za Waingereza, na serikali ilitaka kujua jambo moja: mzee akiishiwa nguvu, mjane akibaki peke yake, mchimbaji akivunjika mfupa, nani anamtunza? Wakubwa wengi walikuwa wameshajijibu. Mwafrika ana ndugu, ndugu watamtunza, serikali ilale usingizi. Akaletwa mtafiti wa Kiingereza aje aangalie kama ni kweli. Alinitoa katika shule ya misheni nilikokuwa nafundisha darasa la kwanza, kwa sababu wanawake walikuwa hawamwambii kitu. Akiingia uani wao wananyamaza, akitoka wanacheka.

Watu walimwita Bwana Ngapi. Watoto wangapi, majembe mangapi, vihenge vingapi vya mtama. Alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo mapema, kwa maana nitamlaumu sana.

Aliyenifundisha kazi si yeye, alikuwa Mzee Rajabu, mkalimani wake mkubwa, mtu wa Ujiji. Kabla ya ukalimani aliuza chumvi na samaki wakavu kambi hadi kambi, kwa hiyo alizoea kukaribishwa na watu wasiomjua. Siku yangu ya kwanza aliniona nimesimama mlangoni kwa mama mmoja, kalamu mkononi. Akanivuta pembeni. "Mwalimu," akasema, "anayeuliza watu amesimama ni askari au mtoza kodi. Wewe ni yupi?" Kisha akanifundisha jambo ambalo nawaomba mlichukue leo hii: ukifika, tazama mikono ya unayemwendea. Kama anachambua mboga, kaa uchambue naye. Kama anapukuchua, pukuchua. Ulimi wa mtu hufunguka mikono yake ikiwa na kazi, na macho yake yakiwa si lazima yakutazame. Mnaweza kudhani ni adabu tu. Ni ufundi, na ulinisaidia kuliko karatasi zote za Bwana Ngapi.

Na karatasi hizo! Zilitungwa mbali, na mtu ambaye sidhani aliwahi kuulizwa swali na mgeni. Tulipokwenda Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, lilikuwemo swali hili: "Ukivunjika mguu kazini, nani atakulisha?" Nilimwambia Bwana swali hilo haliulizwi. Akasema ndilo swali muhimu kuliko yote. Basi akaliuliza asubuhi, kwa mchimbaji aliyekuwa anajiandaa kushuka shimoni. Yule mtu alimtazama kwa muda, akatua sururu yake, akaenda kukaa kwenye jiwe. Mwenzake naye akakaa. Zamu nzima ikakaa. Mgeni amewatajia mguu kuvunjika mdomoni mwa shimo; nani angeshuka? Nyapara akapiga kelele, hakuna aliyeinuka. Nilikasirika nikataka kurudi shuleni kwangu.

Mzee Rajabu ndiye aliyetutoa. Alimwambia Bwana asimame mbele yao aulize swali lile lile, lakini ajiulize mwenyewe. Bwana Ngapi akawa mwekundu, ila akafanya. Akasema kwa Kiswahili chake cha pwani, "Mimi nikivunjika mguu hapa, nani atanilisha?"

Kisha mmoja akasema, "Wewe Bwana ni mzito, kwanza tutafute wa kukubeba." Wakaanza kucheka, wakaanza kubishana. Wapo waliosema atalishwa na wenzake wa zamu, kila mmoja achote kidogo katika posho yake. Wengine wakasema hapana, zamu hulisha mpaka mtu wa kwao apatikane, kisha huyo ndiye humsindikiza mpaka kwao. Na asiye na mtu wa kwao kambini? Mmoja akasema huyo huolewa na jiko, yaani huwapikia wenzake mpaka apone au afe. Vicheko tena. Baadaye wakashuka shimoni. Kwa nusu saa ile tulijua kuhusu machimbo yale mambo ambayo dodoso lisingeyapata kwa mwaka. Kwa hiyo ukiwa na swali linalouma, jiulize wewe mbele yao. Watakujibu kwa huruma, na watakuwa wamejijibu wao.

Mngedhani baada ya hapo Bwana Ngapi alikoma. Hakukoma. Ndipo nafika kwa Mama Kabula.

Ilikuwa upande wa Songwa, mwaka ambao mvua ilikataa. Mtama ulinyauka ungali mdogo, na mashimo ya maji yakabaki tope. Serikali ikaleta malori ya mahindi, na kwa kuwa Bwana Ngapi alikuwa tayari anazunguka kaya kwa kaya, akaambiwa yeye ndiye aseme nani apewe. Kanuni ilikuwa rahisi kama kanuni zote zinazotungwa mezani: mwenye ng'ombe hapewi, auze ng'ombe anunue chakula.

Mama Kabula alikuwa mjane wa makamo ya juu. Binti yake Kabula alikuwa amefariki na kumwachia watoto watatu, mdogo wao akiitwa Kwandu. Bwana alifika kwake, akasimama kwenye ua wa minyaa, akahesabu ng'ombe. Zizi lilikuwa limejaa. Akauliza kupitia kwangu kama ng'ombe ni wake. Mama akajibu, "Wako zizini kwangu." Bwana akaandika kwamba mama huyu ni tajiri, akageuka aende kaya nyingine. Mimi nilikuwa nawatazama wale watoto. Miguu yao ilikuwa kama fito.

Nilirudi peke yangu siku iliyofuata. Mama alikuwa amekaa kivulini anachambua michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, akitenga vilivyoliwa na wadudu na visivyoliwa. Na vilivyoliwa alikuwa havitupi, anaviweka upande wake yeye. Nikakaa nikachambua. Akanicheka namna ninavyotamka Kisukuma. Aliniambia sisi Wasumbwa tunaongea kama watu wenye kitu cha moto mdomoni. Nikamwacha acheke. Kwenye ukuta wa nyumba kulikuwa na ngozi ya ng'ombe imewambwa kwa vijiti, bado mbichi kidogo.

Sikumuuliza ng'ombe ni wa nani. Nilimwita mama kwa Kisukuma, nikamuuliza, "Mayu, ngozi ile utaifanyia nini?"

"Inasubiri mtu wa kuipeleka," akasema.

Nikajua. Nawaeleza taratibu, kwa sababu wengi wenu mmekulia mjini. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Huwagawa: wachache kwa rafiki, wachache kwa shemeji, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Anayewekeshwa anakamua maziwa, anapata samadi shambani, na ng'ombe akifa anakula nyama. Ngozi na mguu hupelekwa kwa mwenye mali, aone kwamba kweli amekufa. Siku zile kulikuwa na sababu nyingine pia: serikali ilikuwa inalazimisha watu wapunguze mifugo, kwa hiyo kutaja ng'ombe ni wa nani ni kumpeleka mwenyewe mikononi mwa serikali. Mama Kabula asingemtaja mtu hata kwa fimbo. Lakini ng'ombe aliyekufa hapunguzwi na serikali, kwa hiyo habari zake husemwa wazi. Muulizeni mtu juu ya ng'ombe aliyekufa, atawaambia yote ya walio hai.

Nilirudi kwa Bwana mbio, nimefurahi. Nikamweleza kwamba mama yule hana hata ndama, ana maziwa tu, na maziwa yenyewe kwa ukame ule yamebaki ya kulowesha ulimi. Bwana akafurahi zaidi yangu. Akaliandika jina lake kwenye orodha ya maskini, akaipeleka kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Wote wawili tulilala tukijiona watu wa maana.

Siku ya kugawa mahindi watu walijaa barazani kwa mwanangwa. Naye alikuwa na sauti kubwa na aliipenda. Akawa anaita jina, anaongeza maneno: fulani, maskini, aje, fulani, hana kitu, aje. Akaita jina la Mama Kabula, mjane, mwenye njaa. Mama akasimama pale alipokuwa. Hakuja mbele.

"Mwanangwa," akasema, "umekosea mtu. Mimi nina ng'ombe."

Watu wakacheka. Mwanangwa akacheka. Bwana Ngapi akanigeukia kama niliyemdanganya. Mama akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka na kikapu kitupu.

Sijui kama mmewahi kumkasirikia mtu unayemhurumia. Ni hasira mbaya kuliko zote. Nilimfuata mpaka kwake, vumbi limenijaa miguuni, nikasimama mbele yake.

"Mayu, umekataa chakula cha watoto."

"Nimekataa. Kaa chini. Unasimama kama umetumwa na mwanangwa."

Nikakaa. Akanipa maji kwanza. Ndipo akasema, "Ulimwona mzee aliyevaa koti jeusi, karibu na mlango?"

Nikasema nilimwona.

"Yule ni Masunga. Alichimba dhahabu Geita miaka, akanunua ng'ombe kwa mshahara wake, akawaweka kwa marehemu mume wangu. Mume wangu alipokufa hakuwaondoa. Sasa fikiri, wewe uliyesoma. Kiangazi hiki ng'ombe wake mwingine ataanguka. Nitamtumia habari, nitasema amekufa. Atajiuliza nini? Si yule mjane aliyetangaziwa njaa mbele ya watu? Ng'ombe amekufa, au amechinjwa?"

"Lakini mayu, amekujua miaka yote hii."

"Anamjua Mama Kabula aliyeshiba. Mwenye njaa hajawahi kukutana naye." Akaokota kipande cha kiazi kilichoanguka, akakirudisha kwenye ungo. "Hatanitukana. Ni mtu wa heshima. Atakuja asubuhi na vijana wake, ataniambia mayu umechoka, ngoja tukupunguzie kazi. Watawaswaga wote. Na wewe utakuwa umenipa debe la mahindi. Debe likiisha?"

Tazameni jinsi tulivyokuwa wajinga kwa nia njema. Ng'ombe wale ndio waliokuwa hifadhi yake. Si mali yake, ila ni msaada wa heshima, usio na jina, anaopewa kwa sababu anaaminika. Na sisi tulikuja na msaada wenye kipaza sauti.

Nikamweleza Bwana yote, isipokuwa jina la Masunga. Alisikiliza ameshika kofia yake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo tusipomsaidia atakufa njaa, na tukimsaidia atakufa njaa?"

"Ndiyo, Bwana."

Akalizunguka lori kama mtu aliyepoteza kitu chini yake. Nampa haki yake hapa, wazo lilikuwa lake. Alirudi akasema, "Na kama hatutamwita mtu yeyote?" Akaeleza: tupike uji wa mahindi yale pale zahanati ya misheni kila asubuhi, kwa mtoto yeyote atakayekuja. Hakuna jina, hakuna swali. Nilitamani kumkumbatia, ila siku zile mambo hayo hayakufanyika.

Mnafikiri wakubwa walifurahi? Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyesimamia chakula, alikuja kutoka mjini amekunja uso. Mimi Kiingereza nilikielewa, ingawa alidhani sielewi. Alisema huo ni upotevu, watoto wa matajiri nao watakunywa. Bwana Ngapi akamjibu ndiyo, watakunywa, na ndiyo maana watoto wa maskini watakunywa. Walizozana mpaka chai yao ikapoa. Bwana Shauri akakubali kwa masharti, kwamba tukishindwa lori linaondoka. Baadaye katika ripoti aliandika kwamba wengi waliofaidika hawakuwa na shida. Swali hilo hilo bado nawasikia mkiulizana kwenye semina zenu, msaada uwafikie wanaostahili tu, wasiostahili wasipate hata kijiko. Nachoka nikilisikia. Kumtenga mwenye shida na wenzake ili umwone vizuri kuna gharama yake, na anayeilipa si wewe.

Siku ya kwanza tulipika, hakuna aliyekuja. Walidhani ni uji wa watu wasio na kitu. Kama Bwana Shauri angepita siku ile, lori lingeondoka. Jioni nikaenda kwa mke wa Masunga. Sikumwambia lolote la mjane. Nilikaa, nikamsaidia kusuka mkeka, nikalalamika kwamba uji mzuri unamwagwa zahanati kwa sababu watu wa huku wana maringo. Akauliza ni wa bure? Nikasema ni wa bure. Asubuhi alikuja na watoto wake wote na wa shemeji yake. Akaonja, akasema hauna chumvi, aliyepika hajui kupika. Siku ya pili akaja na chumvi yake.

Kijiji kizima kikaona mke wa Masunga amepanga foleni. Siku ya tatu alikuja Mama Kabula na wale watoto watatu, akapita mbele yangu kama hanijui, akaonja, na yeye akasema chumvi imezidi. Niligeukia sufuria ili asinione ninavyotabasamu.

Ng'ombe alianguka karibu na mwisho wa kiangazi. Ilitokea nipo pale, nimekwenda kumjulia hali. Mama alituma mtu kwa Masunga mara moja, kisha akakaa karibu na yule ng'ombe akifukuza nzi. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri.

Masunga hakusubiri aletewe ngozi. Alikuja mwenyewe, na vijana wake wawili wenye fimbo. Mama alipoziona zile fimbo alinitazama mara moja tu. Masunga akaamkiwa, akaitikia, akapewa kigoda, akakataa. Akainama akafungua mdomo wa ng'ombe, akapapasa shingo, akatazama mbavu zilizochomoza. Akaenda zizini akawatazama waliobaki mmoja mmoja. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akarudi, akachuchumaa mbele ya Kwandu, aliyekuwa anachezea majivu.

"Mjukuu wangu, leo umekula nini?"

Mtoto angesema nyama, au angesema hakuna, ng'ombe wote wangeswagwa. Kwandu akainua uso.

"Uji."

"Wa wapi?"

"Wa zahanati. Shija wako amekunywa vikombe viwili, akanisukuma."

Shija alikuwa mtoto wake wa mwisho. Kicheko kikamtoka Masunga puani. "Nimemwambia aache ulafi," akasema. Akavuta kigoda, akakaa. Akawaambia vijana wake waweke fimbo chini wachune.

Walipomaliza akaikunja ngozi, akachukua mguu, akaiacha nyama yote. Akiwa anaondoka akasimama kwenye mlango wa zizi.

"Mayu, yule mtamba mwekundu ana mimba," akasema. "Akizaa, mtume mtu aniambie."

"Nitamtuma, baba."

Mama alisimama akiwatazama mpaka wakapotea nyuma ya minyaa. Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akanitupia kisu.

"Haya, Msumbwa," akasema. "Unakaa tu, nyama itajikata?"